Gogo wa Ndalat: Mkunga aliyesoma darasa moja na watoto aliowapokea

Jumatano ya Novemba 16, 2022, Priscilla Sitienei alifariki nyumbani kwake Ndalat, Kaunti ya Nandi, baada ya kusumbuliwa na maumivu ya kifua. Alikuwa na umri wa miaka 99. Alikuwa pia mwanafunzi wa darasa la sita, na mitihani ilikuwa imekaribia.

Habari za kifo chake zilizunguka dunia kwa sababu ya umri huo. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejulikana kuwa anasoma shule ya msingi akiwa na miaka mingi kiasi kile. Lakini kabla ya kuwa mwanafunzi, Sitienei alikuwa nyanya na vitukuu vyake vilikuwa vingi. Alikuwa mkunga, alikuwa Mkristo, na alikuwa mtu wa kazi tangu utotoni. Huyo ndiye ninayetaka tumkumbuke leo, kwa sababu wa namna yake wamo karibu katika kila ukoo wa nchi hii, na wanaondoka mmoja mmoja.

Ukienda kwenye mazishi ya nyanya wa kizazi chake, unakabidhiwa kijitabu chenye picha yake kwenye jalada, ratiba ya ibada, nyimbo na wasifu. Wasifu wenyewe hautofautiani sana kutoka kijiji hadi kijiji. Alizaliwa mwaka fulani, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akabatizwa, akawa mshirika mwaminifu na mchapakazi aliyependwa na wote. Katikati ya hayo kuna sentensi ambayo anayesoma huipitia haraka: hakupata nafasi ya kwenda shule. Kisha anaendelea na orodha ya wajukuu. Waombolezaji wanatikisa kichwa kidogo, basi, imekwisha. Sitienei hakukubali sentensi hiyo iandikwe juu yake. Aliifuta kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na miaka 87 hivi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima turudi mwaka wa 1923, mwaka aliozaliwa. Katika nchi ya Wanandi vidonda vya vita vilikuwa havijapona. Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza kupinga reli na utawala wa Waingereza, alikuwa amepigwa risasi Oktoba 1905. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa Oktoba 1923, wakati Wanandi walipokuwa wakijiandaa kwa sherehe ya saget ab eito, ambapo rika moja hukabidhi madaraka kwa rika linalofuata. Serikali ya kikoloni ilihofia uasi. Barsirian hakuachiliwa hadi mwaka wa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mama wa makamo siku ambayo mtu huyo alitoka kifungoni.

Shule zilianza kuingia kidogo kidogo, nyingi kupitia misheni. Shule ya serikali ya Kapsabet ilianzishwa mwaka wa 1925, Sitienei akiwa na miaka miwili. Ilikuwa ya wavulana. Tazama sasa kijana mmoja Mkalenjini aliyezaliwa mwaka mmoja tu baada yake, huko Sacho, Baringo. Mwaka wa 1934 aliingia shule ya misheni ya Africa Inland Mission pale Kabartonjo, baadaye akasomea Kapsabet, akawa mwalimu, akaingia siasa, na mwaka wa 1978 akawa Rais wa Jamhuri. Ni Daniel arap Moi. Siwalinganishi ili kumpunguzia Mzee Moi chochote, maana naye alichunga mifugo na utoto wake haukuwa rahisi. Nasema tu kwamba walikuwa watu wa rika moja, katika milima na mabonde yaleyale ya Bonde la Ufa, na mlango uliofunguliwa kwa mvulana ulikuwa umefungwa kwa msichana. Hakuna aliyesimama mlangoni kumzuia Sitienei kwa jina. Maisha yalipangwa hivyo: msichana alikuwa wa maji, kuni, shamba na wadogo zake, na baada ya muda wa ndoa.

Wakati huohuo Neno la Mungu lilikuwa likipigwa chapa kwa lugha ya nyumbani. Biblia nzima ya Kinandi ilitoka mwaka wa 1939. Baadaye, mwaka wa 1969, ikatoka Biblia ya Kikalenjini kwa ajili ya jamii zote za Wakalenjini, Wanandi wakiwemo. Hebu fikiria hali ya mwanamke wa miaka 16 mwaka ule wa 1939. Kitabu kipo, kimeandikwa kwa maneno anayoyaelewa yote, anayotumia kuitia ng'ombe na kubembelezea mtoto. Mhubiri anakifungua, anasoma, anakifunga. Yeye anarudi nyumbani na kile alichokishika kwa masikio. Jumapili inayofuata ni hivyohivyo. Wanawake wa kizazi hicho waliishi hivyo kwa miaka hamsini, sitini, sabini.

Nani asiyewajua? Wanaimba tenzi beti zote bila kutazama kitabu, na kitabu wamekishika. Wanajua kisa cha Hana na cha Ruthu, wanajua Zaburi nzima nzima, na ukikosea neno katika sala ya Bwana wanakukazia macho. Ndio wanaofagia kanisa Jumamosi, wanaobeba maziwa na mahindi mabichi ya sadaka, wanaokesha na wafiwa. Mothers' Union ya Waanglikana, Woman's Guild ya Wapresbiteri, vyama vya akina mama wa Kikatoliki, vyote vimesimama mabegani mwao. Imani ya nchi hii ilibebwa kwa kumbukumbu za wanawake ambao hawakuweza kusoma ukurasa mmoja wa kitabu walichokiishi. Sijaona kanisa lililowapa heshima inayolingana na kazi hiyo.

Kazi ya Sitienei ilikuwa kupokea watoto. Aliifanya kwa miaka 65. Kwa wasomaji wa mjini, ambao wamezoea kuona kadi ya kliniki na wodi ya akina mama, inafaa kusema kidogo ukunga wa jadi ulikuwa kazi gani. Mkunga hana saa za kufungua na kufunga. Anagongewa usiku wa manane, mvua inanyesha, anachukua vitu vyake na kuandamana na aliyetumwa. Akifika anamkuta mama ana uchungu, mama mkwe ana hofu, na baba yuko nje hana la kufanya. Anapapasa tumbo kwa viganja kujua mtoto amekaaje. Anajua lini amwambie mama asukume na lini amzuie. Anapokea mtoto, anakata kitovu, anangoja kondo la nyuma litoke, anatazama damu. Hilo la damu ndilo la hatari, kwa sababu damu ikikataa kukoma hakuna gari wala barabara. Kisha anabaki kumkanda mama na kumpa uji. Malipo yalikuwa kile ambacho nyumba ile ilikuwa nacho.

Miaka 65 ya kazi hiyo maana yake ni kwamba alipokea watoto, kisha akapokea watoto wa watoto hao. Wanafunzi wenzake kadhaa pale shuleni alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Walipokuwa wakimwita Gogo, jina la nyanya kwa lugha ya nyumbani, halikuwa jina la utani.

Jinsi alivyofika shuleni ni kisa alichokieleza mwenyewe. Mmoja wa vitukuu vyake alipata mimba akaacha masomo. Gogo akamuuliza, kwa mzaha, kama bado kuna karo iliyosalia shuleni kwa jina lake. Msichana akajibu kwamba ipo. Basi, akasema Gogo, nitaitumia mimi. Alitarajia kwamba msichana ataona haya, atafunga mtoto mgongoni kwa siku chache kisha amwachie mtu na kurudi darasani. Msichana alikataa katakata. Hapo mzaha ukageuka kuwa kweli. Nyanya akaenda shuleni.

Nimekifikiria kisa hiki mara nyingi, na naona ndani yake malezi ya kizamani kabisa. Nyanya hakumtukana msichana. Hakumwitia baraza la wazee. Alimwonyesha kwa vitendo kwamba kile alichokitupa kina thamani, kiasi kwamba bibi kizee yuko tayari kukiokota. Na zaidi ya hapo, alikitaka kweli. Mtu hawezi kuendelea na mzaha kwa miaka 12.

Mwaka wa 2010 alipokwenda katika shule ya Leaders Vision Preparatory pale Ndalat, kwanza walimkatalia. Nawaelewa. Mwalimu mkuu gani angejua afanye nini na mwanafunzi wa umri ule? Lakini walipoona hatanii na hachoki, wakamfungulia. Baada ya miaka mitano, waandishi wa habari walipomfikia mwaka wa 2015, walimkuta darasa la nne, amevaa sare, anasoma pamoja na vilembwe vyake sita. Alilala bwenini na wasichana wengine. Alijifunza Kiingereza, hesabu, mchezo wa kuigiza, muziki, na hata kipindi cha mazoezi ya viungo hakukikwepa. Mwalimu mkuu, David Kinyanjui, alimfanya kiranja wa darasa na alisema waziwazi kwamba shule ilibadilika tangu aje.

Yeye naye alikuwa mwalimu wao. Chini ya miti karibu na uwanja wa michezo aliwakusanya watoto na kuwasimulia hadithi na desturi za jamii yao. Nyumbani kwa wengi wao kazi hiyo ilikuwa imekufa: nyanya yuko kijijini, wazazi wako kazini Eldoret au Nairobi, jioni ni televisheni na simu. Leaders Vision ikapata bahati ambayo shule nyingi hazina, ya kuwa na maktaba ya mdomo inayovaa sare na kupanga foleni ya chakula pamoja nao.

Alitaja sababu tatu za kwenda shule. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Alitaka kuandika anachokijua kuhusu ukunga na mitishamba ili kisipotee naye. Na alitaka watoto, hasa wasichana waliokwisha kuzaa, wamwone na kurudi darasani.

Kuhusu sababu ya kwanza, Gogo si wa pekee katika eneo lile. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Rais Mwai Kibaki kuondoa karo katika shule za msingi za umma, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Maruge alikuwa amepigana msituni katika Mau Mau. Naye alisema anataka kuisoma Biblia kwa macho yake, maana hakuwa na hakika kwamba wahubiri wanaisoma ilivyo. Mwaka uliofuata alihutubia katika Umoja wa Mataifa, New York. Alifariki Agosti 2009, na mwaka uliofuata Gogo akaanza shule. Wazee wawili wa pande zilezile za Bonde la Ufa, mmoja mpiganaji na mmoja mkunga, kila mmoja na Biblia akilini. Kanisa linalolalamika kwamba vijana hawasomi tena Neno lingefanya vyema kuwasimulia habari za hawa wawili.

Na tuwe wakweli kuhusu maana ya kusoma kwa mtu wa umri ule. Filamu ya Mfaransa Pascal Plisson iitwayo Gogo, iliyomfuata shuleni, inaonyesha macho yaliyofifia na masikio yasiyosikia vizuri. Inamwonyesha akisherehekea siku ya kuzaliwa na wanafunzi wenzake, akienda safari ya shule kutazama wanyama, akiwasimulia wasichana hadithi kabla ya kulala, na akifuatilia ujenzi wa bweni jipya la wasichana wanaotoka mbali. Filamu hiyo ilimfikisha hadi Ufaransa, ambako alikutana na Brigitte Macron, mke wa Rais. Kisha alirudi Ndalat, kwenye dawati lake. Watu wa nusu ya umri wake wangeona kwamba kufika Paris kunatosha.

Sababu ya pili, ile ya mitishamba na ukunga, ndiyo inayonisumbua zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 nchini Kenya, 43 tu walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia 2014, baada ya serikali kufuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, walikuwa 61. Mwaka wa 2022, mwaka ambao Gogo alifariki, walikuwa 82. Haya ni maendeleo, na sitaki msomaji yeyote adhani nalilia nyakati ambapo mama alivuja damu hadi kufa kwa sababu hospitali ni mbali. Mama mjamzito aende hospitali. Lakini hesabu hizo zinasema pia kwamba ujuzi wa mikono kama ya Gogo hauna tena mtu wa kuurithi, na wengi wa wenye mikono hiyo hawajui kuandika. Kipi walichotumia kumtuliza mama, jinsi walivyomgeuza mtoto aliyekaa vibaya, maneno waliyomwambia mwanamke anayeogopa: hayo ni elimu, na wauguzi wetu wa leo, ambao wajawazito wanawalalamikia kwa ukali wa ulimi, wangejifunza kitu hasa katika hilo la mwisho. Gogo aliliona pengo hilo, akaamua kuliziba kwa kujifunza alfabeti. Sisi tuliokwisha kujifunza alfabeti tukiwa na miaka sita tuna kalamu, tuna simu za kurekodi, na nyanya zetu wako hapo jikoni.

Sijui watu wangapi waliwahi kumpenda kama watoto wale wa Leaders Vision walivyompenda. Mapenzi hayo hayakutokana na filamu wala na safari ya Ulaya, maana alikuwa Gogo wao miaka mingi kabla ya kamera kufika. Walimpenda kwa sababu alikosea hesabu kama wao, akaomba msaada kwa mtoto wa miaka kumi, kisha jioni akampa mtoto huyohuyo hadithi. Kizazi chetu cha wakubwa tunaogopa kuonekana hatujui. Mkunga aliyekwisha kushika mamia ya roho mikononi mwake hakuona aibu kuuliza herufi hii inaitwaje. Hapo ndipo ninapouona Ukristo wake, kuliko katika orodha yoyote ya vyama vya kanisa ambayo ingeweza kuandikwa katika kijitabu chake cha mazishi.

Inabaki sababu ya tatu. Gogo alikuwa na tabia ya kuwasimamisha watoto aliowakuta nje ya shule na kuwauliza kwa nini hawako darasani. Wakimwambia kwamba umri umewapita, alikuwa na jibu ambalo hakuna mtu mwingine katika nchi hii aliyeweza kulitoa: yeye yuko shuleni, basi na wao waende. Wasichana waliozaa ndio aliowaonea uchungu zaidi. Aliwajua. Wengine, kwa kazi yake, aliwajua tangu dakika ya kwanza ya maisha yao, na akawajua tena kitandani wakiwa na uchungu kabla ya kumaliza utoto wao.

Sheria haiwazuii wasichana hao. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha shuleni tangu miaka ya 1990, na mwaka wa 2020 serikali ilitoa mwongozo mpya juu ya jambo hilo. Jirani zetu Tanzania walifungua mlango huo Novemba 2021, baada ya miaka mingi ya wanafunzi kufukuzwa kwa sababu ya mimba. Kinachowazuia kiko nyumbani na kanisani: baba anayesema pesa zake zimepotea mara moja na hazitapotea tena, washirika wanaonong'ona, viongozi wanaomtenga msichana na kumwacha mvulana akiimba kwaya, na mwisho msichana mwenyewe, ambaye amewasikiliza wote hao mpaka akaamini kwamba amekwisha.

Kila Januari shule hufunguliwa. Kama kwenu yuko binti aliyekatiza masomo kwa sababu ya mtoto, mwite mkae chini mzungumze. Nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu, na mkikataliwa mara ya kwanza rudini, kwa sababu hata Gogo walimkatalia kwanza. Karo ikiwa tatizo, lifikisheni kanisani kama mnavyofikisha harambee ya mazishi. Na mtoto abaki na nyanya yake.